Dola ya mlima wanakula wakubwa, kijana wa stendi anakula virungu

KILA shilingi inapoyumba katika nchi hii, wakubwa huwa na jibu moja lililokaa tayari mfukoni: ni walanguzi wa dola. Ukiuliza mlanguzi mwenyewe ni nani, utaonyeshwa kijana aliyesimama pembeni ya stendi ya mabasi ya Moshi akiwa na bulungutu ndani ya koti. Utaonyeshwa mama wa Holili mwenye mkoba uliojaa noti za Kenya. Utaonyeshwa dereva wa teksi anayemnong'oneza Mzungu mbele ya hoteli. Eti hao ndio wanaoiangusha shilingi ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania!

Tusidanganyane, ndugu msomaji. Fedha ya kigeni ni bidhaa kama nyanya za Himo. Ina bei ya kununulia na bei ya kuuzia, na katikati ya bei hizo mbili kuna mtu anakula. Kula tofauti si dhambi, kila mchuuzi wa Mbuyuni anaishi kwa tofauti. Swali ni kwamba tofauti iliyo kubwa inaliwa na nani, na kwa nini aliyekula nusu kilo anafungwa wakati aliyekula ng'ombe mzima anaitwa mheshimiwa.

Tuanze na mlima wetu wenyewe, maana huko ndiko dola inakoingilia.

Mgeni anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame kwa siku saba, kwa viwango vilivyotumika kwa miaka mingi, analipa dola 70 kwa kila siku anayokuwa ndani ya hifadhi, dola 50 kwa kila usiku wa kambi, na dola 20 za uokoaji. Piga hesabu: 490, ongeza 300, ongeza 20. Hizo ni dola 810 kabla ya VAT, na hapo kampuni iliyomleta bado haijataja bei yake. Sasa mgeukie kijana wa Pasua au wa Kibosho aliyembebea mgeni huyo hema na begi, mzigo wa kilo 20 kwa mujibu wa taratibu za hifadhi (na zaidi ya hapo, mizani ikifumbiwa macho). Huyo analipwa shilingi.

Ujira wa mpagazi ulipokuwa ukijadiliwa ulitajwa kwa dola: dola 10 kwa siku. Baadaye ukazoeleka kuandikwa sh. 20,000, na hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu mwaka 2015, dola ilipokuwa ikipita kwenye 2,000, ilikuwa ni kitu kilekile. Siku saba ni sh. 140,000, ambazo ni dola 70. Ikaja 2024, dola ikapanda mpaka ikafika 2,700. Ile ile 140,000 ikawa dola 52 kasoro. Mgeni hakupunguza hata senti moja katika alicholipa. Hivi hizo dola 18 za mpagazi mmoja zilikwenda wapi? Kundi la wageni kumi linaweza kuwa na wapagazi thelathini. Zidisha mwenyewe: dola 540 kwa safari moja, zimehama kutoka kwenye mabega zikaingia kwenye akaunti, na hakuna aliyeiba kitu! Hakuna polisi wa kumwita. Ni tofauti tu.

Kisha mwishoni mwa 2024 upepo ukageuka, shilingi ikapata nguvu, dola ikaporomoka mpaka karibu na 2,400. Hapo ndipo mpagazi alipoanza kuambiwa habari za dola! Mambo magumu, mzee, dola imeshuka, vumilia. Ilipokuwa inapanda hakuna aliyemwita kumgawia, iliposhuka akaalikwa msibani. Na bakshishi yake, ambayo hupewa kwa noti za kijani pale getini Mweka, ikapungua thamani siku hiyohiyo.

Nikiwa kwenye bakshishi hapo nitakaa kidogo, maana kuna wizi wa kistaarabu ambao vijana wa mjini hapa wanaujua vizuri na magazeti makubwa hayauandiki.

Mpagazi anashuka mlimani na dola 45. Anazo noti mbili za 10, tatu za 5 na kumi za dola moja. Anaingia kwenye duka la kubadilishia fedha, au benki, anaona ubao umeandikwa bei ya dola. Anafurahi. Akifika dirishani anaambiwa ile bei ya ubaoni ni ya noti za 100 na za 50. Ndogo zina bei yake. Tuseme ubaoni ni 2,600, ndogo ananunuliwa kwa 2,450, na ile ya dola moja pengine hawaitaki kabisa. Akitoa noti ya zamani, yenye picha ya kichwa kidogo au iliyochapwa kabla ya 2006, inasukumwa kurudi chini ya kioo kama karatasi ya pipi. Akitoa iliyokunjwa katikati, hivyo hivyo. Ilivaliwa kwenye soksi siku saba, ulitaka iwe imepigwa pasi?

Kwa taarifa yako, serikali ya Marekani yenyewe haijapata kuzifuta noti zake. Kila noti halali iliyotolewa na Marekani tangu 1861 bado ni fedha halali kwa thamani iliyoandikwa juu yake. Mwenye noti anasema ni halali, mwenye duka la Moshi anasema si halali. Nani mwenye dola?

Nimewauliza wenye madirisha, na wanayo sababu, tuwe wakweli. Wanasema noti moja moja mia na noti moja ya mia ni thamani ileile, lakini kuhesabu, kukagua na kusafirisha ni kazi mara mia. Wanasema noti za zamani ni rahisi kughushi, na benki za nje wanakozipeleka zinawakata. Sawa. Lakini mwalimu wa shule, mama anayepeleka mtoto hospitali India, mfanyabiashara wa Kiboriloni anayekwenda kufuata mzigo, akienda dirishani palepale kununua dola anauziwa zile noti ndogo kwa bei ile kamili ya kuuzia. Hakuna ubao wa "dola ndogo, bei ndogo" upande wa kuuza! Noti ileile ikiwa mkononi mwa mpagazi ni mgonjwa, ikivuka kioo inapona.

Ndiyo maana kijana wa stendi yupo. Hakutumwa na shetani wala na mabeberu. Yeye ananunua hiyo ya dola moja, ananunua yenye kichwa kidogo, ananunua saa mbili usiku dirisha limefungwa. Anakata chake, tena wengine wao ni matapeli wakubwa, wanakukunjia bulungutu juu elfu kumi, ndani magazeti. Mwenye kutapeliwa hivyo ana haki ya kupiga mayowe. Lakini usinichanganyie tapeli na mchuuzi. Mchuuzi wa dola ni alama ya kwamba dirisha rasmi limemkataa mtu.

KAHAWA ILIVYOMLISHA MWENYE KIBALI

Vijana wenzangu wengi wanadhani mambo ya dola yalianza na watalii. Waulizeni wazee wa Uru, Rombo na Machame.

Mwaka 1966 Benki Kuu ilipofunguliwa, shilingi ya Tanzania na ya Kenya zilikuwa sawa kwa sawa, moja kwa moja. Ukaja udhibiti wa fedha za kigeni: dola yote ya nchi ni mali ya Benki Kuu, raia haruhusiwi kuishika. Bei ya dola ikapangwa ofisini. Mwaka 1985 bei hiyo ya ofisini ilikuwa kama shilingi 17, wakati mitaani dola ilikuwa imevuka 100. Sasa fuata njia ya dola moja uone uchawi.

Mzee wa Kibosho anachuma kahawa. Inauzwa nje kwa dola. Dola inaingia Benki Kuu, na mamlaka ya kahawa inapewa shilingi 17. Ikikata ushuru wake, gharama zake, safari za wakubwa wake, mzee anabakiwa na chenji. Wakati huohuo, kule Dar es Salaam yuko bwana mwenye kibali cha kuagiza vipuri. Huyo anauziwa dola ileile, iliyotoka kwenye kihamba cha mzee, kwa hizo hizo shilingi 17. Akitaka, analeta vipuri na kuviuza kwa bei ya dola 100. Akiwa mjanja zaidi, ankara ya vipuri vya dola 60,000 inaandikwa 100,000, na hizo 40,000 zinabaki nje kwenye akaunti yake. Hakulima, hakupalilia, hakubeba kilo 20. Alikuwa na karatasi yenye muhuri.

Hiyo ndiyo ilikuwa biashara kubwa kuliko zote ya tofauti ya bei ya fedha katika nchi hii, na haikufanyika stendi. Ilifanyika kwa mkono wa serikali, mchana kweupe. Ukitaka kujua kwa nini mikahawa ya Kilimanjaro iliachwa izeeke, na kwa nini magunia yalipita Rombo usiku kuingia Kenya, usitafute somo la uzalendo. Tafuta penseli. Mpaka ulikuwa umefungwa tangu 1977, na mkulima alijua kwamba upande wa pili kahawa ileile inaitwa fedha.

Serikali ilifanya nini? Mwaka 1983 ikatangaza vita ya wahujumu uchumi na walanguzi. Hayati Edward Sokoine, Waziri Mkuu, ni mtu aliyeheshimiwa na bado anaheshimiwa, na sitamvunjia heshima hapa. Lakini waulizeni watu wazima wa mjini hapa walikamatwa na nini. Sabuni. Sukari. Vitenge. Watu walitupa mali mitoni kwa kuogopa. Sheria ile ya 1983 ilipigiwa kelele mpaka ikabadilishwa mwaka uliofuata, na Sheria ya Makosa ya Uhujumu Uchumi ya 1984 iko vitabuni mpaka leo, na vijana bado wanaozea mahabusu kwa jina hilo. Mwaka huohuo wa 1984 Waziri wa Fedha, Cleopa Msuya, mwenyeji wetu wa Mwanga, akatangaza kwamba mwenye dola zake alete bidhaa, hataulizwa alizipata wapi. Jamani! Mwaka jana yake mtu anafungwa kwa mche wa sabuni, mwaka huu mwenye dola za uficho anapigiwa makofi bungeni. Msuya alikuwa sahihi, maduka yalijaa. Lakini wale wa sabuni waliombwa radhi lini?

Mwaka 1992 ikatungwa sheria mpya ya fedha za kigeni, maduka ya kubadilishia yakaruhusiwa, na ile tofauti ya mara sita ikafa. Haikuuawa na polisi. Iliuawa siku bei ya ofisini ilipolazimika kufanana na bei ya mtaani.

MABILIONI YA EPA

Mzimu wake lakini haukuzikwa. Wafanyabiashara wa enzi zile waliokuwa wakiagiza bidhaa nje walilipa shilingi zao benki hapa nchini, wakasubiri Benki Kuu itafute dola za kumlipa muuzaji wa nje. Dola hazikuwapo. Madeni yakarundikana kwenye akaunti iliyokuja kuitwa EPA. Mwaka wa fedha 2005/06 kutoka kwenye akaunti hiyo zikatoka zaidi ya sh. bilioni 133 kwenda kwa makampuni 22, na ukaguzi ulipofanywa ukakuta nyaraka za kughushi. Dk. Willibrod Slaa akasimama Mwembeyanga, Temeke, Septemba 15, 2007, akasoma orodha yake. Wakamcheka, wakamtishia mahakama. Januari 2008 Rais Kikwete akamwondoa Gavana, Daudi Ballali.

Bilioni 133! Ungewakusanya wachuuzi wote wa dola wa Moshi, Arusha, Namanga na Holili, ukawaweka kwenye mizani moja na bulungutu zao, zisingefika robo. Na wale hawakuvunja dirisha. Walipitia mlangoni.

Sasa linganisha na hii. Novemba 2018, kilometa 80 tu kutoka hapa, jiji la Arusha lilishuhudia askari wa Jeshi la Wananchi wenye silaha kwenye milango ya maduka ya kubadilishia fedha. Jeshi, kwa ajili ya duka la chenji! Gavana wa wakati huo, Profesa Florens Luoga, aliitetea operesheni hiyo. Mwanzoni mwa 2019 ikahamia Dar es Salaam. Leseni zikafutwa, na kanuni mpya za mwaka huo zikapandisha mtaji wa kuanzisha duka mpaka sh. bilioni moja. Sikatai kwamba walikuwemo waliosafisha fedha chafu na waliokwepa kodi. Wakamatwe, wapelekwe mahakamani, majina yasomwe. Lakini ukifunga mtaa mzima kwa sababu ya nyumba tatu, umefanya nini? Umebakiza benki peke yao. Na benki ikibaki peke yake, tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza haipungui, ndugu yangu. Inanenepa.

Miaka minne baadaye, 2023, dola zikaadimika nchi nzima. Ubaoni bei imeandikwa, dirishani unaambiwa hakuna, rudi wiki ijayo, au mwone fulani. Yaani kibali kilikuwa kimerudi bila muhuri! Mwaka huohuo serikali ikaregeza yenyewe masharti ya maduka yale. Kumbe yalikuwa na faida.

Na vijana wa Holili, ambao wanaitwa wajinga wa mpakani, walikuwa wanafanya hesabu ambayo wenye shahada waliichelewa. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu sh. 160 za Kenya. Februari Kenya ikauza hati mpya za mkopo nje, dola bilioni 1.5, kulipia deni lililokuwa linaiva Juni. Hofu ikaisha, na kufikia Aprili dola moja ilikuwa kama 130 za Kenya. Huku kwetu dola ilikuwa bado inapanda. Kwa hiyo shilingi ya Kenya, iliyokuwa haifiki 16 za kwetu Januari, ikakaribia 20 Aprili. Aliyeshika 10,000 za Kenya kutoka kwenye nyanya zake za soko la Taveta akazikalia miezi mitatu, zilitoka kama 157,000 zikafika karibu 196,000 za Tanzania. Benki ikifanya hivyo inaandika kwenye ripoti ya mwaka, "mapato ya biashara ya fedha za kigeni", na wenye hisa wanakula kuku. Kijana wa Holili akifanya hivyo ni mhujumu.

Machi 28, 2025 zikatoka kanuni za kukataza bei za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Nazikubali kwa moyo wote. Mwenye nyumba wa Shanty Town aliyekuwa akimdai Mtanzania mwenzake kodi kwa dola alikuwa anatutukana. Lakini kanuni hiyo haikugusa tofauti, imeihamisha tu. Zamani mgeni alimpa dola mwenye huduma, sasa anapita kwanza dirishani. Na dirisha lenyewe ndilo lile la noti mgonjwa.

Wakubwa wakitaka kweli kuua ulanguzi wa dola Moshi, hawahitaji bunduki. Wanahitaji kalamu. Kahawa ya mkoa huu imekuwa ikinadiwa mjini hapa kwa dola kwa kila kilo 50, na tangu msimu wa 2018/19 mkulima amelazimishwa kupitia chama chake cha msingi. Analipwa awali kwa shilingi, kisha anangojea malipo ya pili miezi na miezi. Tuseme gunia limenadiwa kwa dola 200 siku ambayo dola ni 2,500, na fedha zinabadilishwa ikiwa 2,700. Hapo pana sh. 40,000 kwa gunia moja. Ni za nani? Stakabadhi ya mkulima haisemi. Iandikwe: gunia limeuzwa dola ngapi, tarehe gani, zikabadilishwa tarehe gani, kwa kiwango gani, benki gani. Mistari mitano tu.

Karatasi ya malipo ya mpagazi nayo iandikwe ujira kwa thamani ya dola 10 za siku aliyoshuka, si 20,000 ya mwaka ambao dada yake mdogo alikuwa hajaanza shule. KINAPA wana geti, wana daftari, wana uwezo wa kumzuia mwenye kampuni asipandishe wageni. Mbona kilo wanaweza kuzipima?

Na Benki Kuu iagize kila dirisha libandike bei ya noti ndogo na ya noti za zamani kwenye ubao uleule, kwa herufi zilezile, pande zote mbili, kununua na kuuza. Anayenunua dola moja kwa 2,450 aiuze akiwa anaangaliwa.

Ukurasa huu uko wazi kwa majibu ya Benki Kuu, ya Bodi ya Kahawa na ya KINAPA. Tutayachapa yote bila kukata neno, mradi yaje na tarehe na kiwango cha siku hiyo.